Kumsomea Aarti

Alhamisi, 16 Januari

Mvua imenichapa asubuhi kutoka nyumbani Ntalikwa mpaka getini pa shule, na tena baada ya vipindi. Nimekaa kwenye klabu sketi ikinidondoshea maji miguuni, na hakuna aliyeniuliza kitu kwa sababu nusu yao walikuwa hivyohivyo.

Mwalimu Raymundi, mlezi wa klabu yetu ya hisabati, ameandika ratiba ya muhula ubaoni. Mazoezi ni kila Alhamisi baada ya vipindi. Mwezi wa pili tunakwenda Igalula, mechi ya kirafiki. Katikati ya Machi ni mashindano ya kanda, Igunga. Watakaoshinda kanda wanakwenda fainali Dodoma tarehe tano Aprili. Neno Dodoma amelipigia mstari mara mbili mpaka chaki ikakatika. Shule yetu haijawahi kufika huko. Mimi mwenyewe sijawahi kufika popote zaidi ya Nzega.

Kuna mgeni, Aarti, kidato cha tatu kama mimi. Ametoka shule ya binafsi. Baba yake ni Mzee Rasiklal, mwenye duka la spea za baiskeli karibu na soko. Mwalimu akatoa swali la kumpima kila mtu: namba zote kuanzia moja hadi mia zimeandikwa ubaoni. Unafuta mbili zozote, mahali pake unaandika tofauti yake, unaendelea hivyo mpaka ibaki namba moja tu. Je, itakuwa shufwa au witiri?

Sote tukainama kuandika. Aarti hakushika hata kalamu. Alimwomba mwalimu arudie swali kwa mdomo, akafumba macho, akasema, "Shufwa."

"Kwa nini?"

"Jumla ya zote ni shufwa. Kila ukifuta mbili na kuweka tofauti yake, jumla inapungua kwa kiasi ambacho ni shufwa. Kwa hiyo jumla inabaki shufwa mpaka mwisho."

Mimi nilikuwa bado nafuta kumi na tisa na ishirini.

Wakati wa kutoka nilimpungia mkono pale getini. Alinipita kama amepita nguzo.

Ijumaa, 17 Januari

Mvua.

Alhamisi, 23 Januari

Mwalimu ametupanga wawiliwawili. Raundi ya wawili ndiyo yenye alama nyingi: mnapewa karatasi moja, mnajadiliana kwa sauti ya chini, mnajibu pamoja. Mimi nimepangwa na Aarti. Vedasto wa kidato cha nne, mwenyekiti wetu, alinikonyeza kama mtu anayenipa pole.

Swali la kwanza lilikuwa la duara na pembetatu ndani yake. Nikachukua rula nichore. Aarti akasema, "Usichore. Niambie kwa maneno."

Nikamwambia kwa maneno. Akatoa jibu kabla sijamaliza. Nikajiona karani wake.

Nyumbani nimemwambia mama kwamba nimefungwa nira na binti wa mwenye duka anayejiona. Mama alikuwa anapepeta karanga. Akauliza, "Kwani anang'ata?"

Jumatano, 29 Januari

Nati ya pedali imeanguka njiani, nikapita dukani kwao. Aarti alikuwa kaunta. Nilisimama mbele yake, akaniangalia kama mteja yeyote. Mpaka niliposema, "Aarti, ni mimi," ndipo akacheka na kuniita jina. Akaingiza mkono kwenye kopo la nati, akapapasa, akatoa saizi yangu bila kuangalia chini. Baba yake akasema kwa fahari kwamba binti huyu anazijua spea kwa vidole. Halafu akageuka kumsalimia mzee mmoja wa kijijini kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" na wakaanza kubishana juu ya tairi.

Maringo, nikasema moyoni. Hata nati anaitoa kwa maringo.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi. Tumepata yote isipokuwa moja. Niliyekosea ni mimi.

Jumamosi, 15 Februari

Igalula. Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Tulikwenda kwa Hiace ya kukodi, barabara nyekundu, madimbwi kila mahali. Wenyeji walituchinjia kuku wawili, na mechi tukashinda kwa tofauti ndogo. Wakati wa kurudi dereva akasema mvua ni kubwa mno, tujibanze kwanza, tukakimbilia kwenye baraza la stesheni ya reli. Palikuwa na giza la mawingu. Mfanyakazi mmoja alikuwa ametundika koti lake refu la mvua kwenye msumari wa nguzo, na kofia juu yake.

Aarti alipanda ngazi za mwisho, akajifuta uso, akaligeukia lile koti. Akapiga goti kidogo, kwa adabu kabisa. "Shikamoo, mwalimu."

Wote wakaangua kicheko. Vedasto akaitikia, "Marahaba mwanangu," akilitikisa lile koti mkono. Walidhani anafanya utani. Aarti naye akacheka, akasema, "Mwalimu wa hapa amekonda." Wakacheka zaidi.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, nikauona uso wake kabla hajacheka. Alikuwa akingoja kuitikiwa.

Njia nzima nilikuwa napanga mambo moja baada ya jingine: getini, dukani, usichore, niambie kwa maneno. Miwani yake mizito. Kusugua macho kila wakati kama mwenye mchanga. Mwezi mzima nimemchukia mtu ambaye hanioni.

Alhamisi, 20 Februari

Niliwangoja wenzetu watoke. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Unaona kiasi gani?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Nakuona wewe upo. Sura yako siioni. Herufi za ubaoni naziona kama zimeandikwa mara tatu, moja juu ya nyingine. Kitabu naweza nikikibandika puani, kwa jicho la kushoto."

"Na hii miwani?"

"Zamani ilisaidia. Mwaka jana wamenibadilishia mara mbili. Mara ya mwisho yule mpima macho akasema miwani haitoshi tena, kioo cha jicho chenyewe kinachongoka kama ncha ya yai, niende kwa daktari bingwa Dar es Salaam. Nilikuwa peke yangu. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba ni mzio wa vumbi."

"Aarti!"

"Sikiliza. Unamjua binamu yangu Kunal? Aliugua moyo kidato cha pili. Wakampeleka kwa baba mdogo Dar, hospitali leo, hospitali kesho. Mpaka leo yupo ndani anaangalia televisheni. Shule iliishia hapo. Baba yangu ananipenda kwa namna hiyohiyo. Akijua, kesho yake nipo ndani ya basi. Acha nifike Dodoma kwanza. Nikifika Dodoma na kushinda, hata yeye ataona siwezi kuachishwa. Nitamwambia mwenyewe siku nitakayorudi."

Akanishika mkono. "Usimwambie mtu yeyote, Levina."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, maana na mimi naitaka Dodoma.

Jumanne, 25 Februari

Sasa namsomea kila kitu. Mchana tunakaa nyuma ya duka lao, kwenye makasha ya tairi. Mama yake hutuletea chai ya maziwa yenye tangawizi na sahani ya chevda, vitafunio vyao vya dengu na pilipili, halafu anatufungia mlango tusisumbuliwe. Maswali yote yameandikwa Kiingereza, na nilikuwa nikiyasoma kama mtu anayekimbizwa. Aarti amenifundisha kusoma swali taratibu, kusimama kwenye kila neno lenye kazi. "Hapo umeruka 'angalau'," anasema. "Angalau ndiyo swali lenyewe."

Jambo la ajabu ni kwamba tangu nianze kumsomea, mimi mwenyewe nimeanza kuona majibu.

Alhamisi, 27 Februari

Vedasto anauliza kwa nini siku hizi mimi na Aarti tumegandana. Nimemwambia amenifundisha kula pilipili.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua haijakatika wiki nzima. Baba ana wasiwasi na tumbaku, majani yaliyomo kwenye bani, kibanda cha kukaushia, hayakauki vizuri na kuni zote zimelowa. Nyumba nzima inanuka moshi mbichi.

Jumapili, 16 Machi

Tumeshinda. Ningependa ukurasa huu uishie hapo.

Jana tulifika Igunga asubuhi, mbuga zote za mpunga zimejaa maji mpaka ukingo wa lami. Shule kumi na mbili, ukumbi mmoja, bati linapigwa na mvua mpaka msimamizi akawa anapiga kelele ili asikike. Kelele ile ilikuwa baraka kwetu. Nilimsomea Aarti sikioni, na hakuna aliyetuangalia mara mbili.

Swali la mwisho lilikuwa la ng'ombe na vibanda, refu, karibu ukurasa. Nilisoma mara mbili. Akafumba macho, midomo inatembea. Dakika zinakwenda. Nikasema, "Tujaribu kinyume. Tuseme kila kibanda kina chini ya kumi." Akafumbua macho. "Endelea." Nikaendelea. Akanidaka katikati, nikamdaka na mimi, na tukamaliza kwa pamoja, mkono wangu ukiandika maneno ambayo sijui ni yapi yangu na yapi yake. Sijawahi kupata raha kama ile.

Walipotangaza, Mwalimu Raymundi alikaa chini. Alikaa tu kwenye sakafu ya ukumbi na suruali yake nzuri, akashika kichwa. Halafu akasimama na kutukumbatia wote, akisema, "Dodoma, watoto wangu. Dodoma."

Basi letu lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara kuu, ile ya malori ya Mwanza. Mvua ilikuwa nyembamba, kama ukungu. Nilikuwa nyuma, nimebeba kikombe, mwalimu mmoja wa Nzega ananipongeza. Nikamwona Aarti ameshuka kwenye lami peke yake. Anatembea bila haraka. Lori la pamba lilikuwa linakuja bila taa, rangi ya kijivu kama mvua yenyewe, linapiga honi. Aarti aligeuza kichwa upande ambao siyo.

Nilitupa kikombe. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nimeshika mkanda wa begi lake na tumeanguka wote wawili kwenye tope la pembeni, na upepo wa lile lori umetupita pamoja na maji machafu. Dereva alitutukana mpaka akapotea.

Aarti aliniambia kwa sauti ndogo, "Nilidhani ni basi letu. Nilidhani linatupigia honi tuharakishe."

Wengine walipofika alisema ameteleza. Akanibana mkono kwa nguvu. Nikasema ndiyo, ameteleza. Kikombe kimepinda sikio moja.

Jumatatu, 17 Machi

Sikulala vizuri. Kila nikifumba macho naona lile lori.

Mchana nimekwenda ofisini kwa Mwalimu Raymundi nikamwambia yote. Sijui kama ni usaliti kumwambia mwalimu. Nilijiambia kwamba yeye ni mtu mzima, atajua la kufanya, na mimi nitakuwa nimetua mzigo.

Alinisikiliza akiwa amesimama dirishani. Hakushtuka nilivyotegemea.

"Nilihisi," alisema. "Tangu Januari. Siwezi kuombwa nirudie swali kwa mdomo kila mara nisihisi."

"Sasa mwalimu, tutafanyaje?"

Akafunga mlango. Akavuta kiti, akakaa karibu na mimi kama baba. "Levina, nimefundisha shule hii miaka kumi na moja. Kila mwaka mkuu wa shule ananiuliza klabu hii inaleta nini, chumba kile wanakihitaji. Mwaka huu nimepata jibu. Yale macho hayakuanza kuharibika jana. Ni wiki tatu tu. Wiki tatu haziharibu macho ya mtu. Tukirudi kutoka Dodoma, mimi mwenyewe nitamfuata Mzee Rasiklal."

"Na barabarani?"

"Barabarani utamshika mkono. Si wewe ndiye mwenzake?"

Nikasema ndiyo, mwalimu. Nikatoka. Nilitarajia kukasirika, lakini kilichonijia kwanza kilikuwa nafuu. Mtu mkubwa amesema tunaweza kwenda. Nilifika mpaka Ntalikwa na ile nafuu, nikaanza kuosha vyombo, na hapo ndipo nikaanza kumwogopa mwalimu wangu. Na mimi mwenyewe pia.

Alhamisi, 20 Machi

Mazoezi. Mwalimu ametupa maswali ya Dodoma ya miaka iliyopita. Hakuniangalia usoni. Namshika Aarti mkono kila tunapovuka, naye anadhani ni mapenzi tu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Aarti anasugua jicho la kulia mpaka linavimba. Amesema ni moshi wa jikoni.

Alhamisi, 27 Machi

Leo hakuja klabu. Nilimfuata nyuma ya duka. Alikuwa amekaa kwenye makasha, kitambaa kichafu kimelowa mkononi, jicho la kulia limefumba. Nikamwomba anionyeshe.

Katikati ya jicho, pale panapopaswa kuwa peusi, pamekuwa peupe. Kama tui. Machozi yanatoka yenyewe.

"Tangu lini?"

"Jana jioni. Lilipasuka kama kitu kimekatika ndani. Sasa naliona giza jeupe tu." Alijitahidi kuongea kawaida. "Bado la kushoto lipo. Unanisomea hata hivyo. Hakuna kilichobadilika, Levina. Jumamosi ijayo tu."

"Inauma?"

"Inauma sana."

Nikamwuliza imekuwaje mama yake amwone asijue. Akasema amewaambia ana kipandauso, amejifunika mtandio tangu asubuhi. Halafu akasema, "Fungua swali la saba. Jana hatukulimaliza."

Nikafungua. Nikasoma mstari wa kwanza, nikafunga tena. Nikamwambia nimekabwa na kikohozi. Nimepanda baiskeli nikarudi nyumbani.

Mama alinikuta bandani nalia. Nikamwambia. Yeye hakunipa shauri lolote. Alikaa nami kwenye gunia mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Huyo baba yake, anafungua duka saa ngapi?"

Ijumaa, 28 Machi

Sikwenda shule asubuhi. Nilikuwa mlangoni kwa Mzee Rasiklal wakati anasukuma mageti ya chuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Baiskeli imekusumbua tena?"

"Hapana mzee. Nina neno juu ya Aarti."

Nilisema pale pale, nimeshika usukani wa baiskeli, bila kupumzika. Miwani, mpima macho, koti la Igalula, lori la Igunga, jicho jeupe. Nilisema na mwalimu anajua. Alikuwa na ufunguo mkononi, na kadiri nilivyoendelea ndivyo ule ufunguo ulivyozidi kushuka, mpaka mkono ukaning'inia.

"Ameniambia mzio," alisema. "Nimemnunulia dawa ya matone. Kila mwezi nanunua."

"Ndiyo mzee."

"Nilikuwa nasema kwa watu, binti yangu anazijua nati kwa vidole." Akageuka akaangalia yale makopo, yote yamepangwa safu. "Nilikuwa nasifu."

Hakupaza sauti. Aliingia ndani, na baadaye nikasikia mkewe analia kwa Kigujarati, na sauti ya Aarti juu ya zote. Sikuelewa maneno isipokuwa jina langu.

Aarti alitoka. Alikuwa na kitambaa cheupe juu ya jicho. Alisimama karibu sana na mimi, ili anione.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," alisema.

"Jicho limepasuka, Aarti."

"Ni jicho langu. Siyo lako. Siku nane, Levina. Ungeninyamazia siku nane."

"Na kama la kushoto nalo..."

"Ningejua mwenyewe! Wote wananishika mkono. Mama, baba, wewe. Nilidhani wewe unanisomea. Kumbe na wewe ulikuwa unanichunga."

Nilitaka kumwambia kwamba siku zile nyuma ya duka zilikuwa siku bora za maisha yangu. Maneno hayo yamekuja sasa, naandika. Pale nilisema tu, "Nisamehe."

"Hapana," alisema, kawaida kabisa, kama anayekataa chai. Akarudi ndani, akigusa fremu ya mlango kwa vidole.

Wameondoka na basi la mchana, yeye na baba yake. Duka limefungwa.

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu Raymundi aliniita. Nikadhani atanigombeza. Alisema Vedasto ndiye atakayekuwa mwenzangu Dodoma, tufanye mazoezi kila siku. Nilipofika mlangoni akasema, "Umefanya ambalo nilipaswa kufanya mimi," na akaanza kusahihisha madaftari kabla sijajibu.

Jumapili, 6 Aprili

Tumerudi kutoka Dodoma. Tumekuwa wa kumi na tisa kati ya shule ishirini na nne.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, na feni, na viti vya kuzunguka. Vedasto ni mwerevu, tena mwungwana, hajanilaumu hata kwa jicho. Lakini yeye anasoma kimya, na mimi nilikuwa nasoma kwa sauti ya chini kwa mazoea, mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama ninaumwa. Swali la tatu lilikuwa jepesi. Aarti angelimaliza nikiwa bado natafuta kalamu. Nilikosea kwa sababu niliruka neno "angalau".

Wakati wa chakula washindi walipiga picha. Mwalimu alikwenda kuwapongeza walimu wao mmoja mmoja, anacheka, halafu nikamwona amesimama nyuma ya basi peke yake, ameegemea tairi. Amevaa ileile suruali ya Igunga. Nilimchukia wiki mbili. Jana sikuweza tena. Nilimpelekea soda, akaipokea, tukasimama hapo.

Alhamisi, 10 Aprili

Klabu imekutana. Tulikuwa wanne. Mwalimu ametangaza kwamba anaacha ulezi, na kwamba chumba kitakuwa stoo ya vitabu. Tukitaka, tukutane chini ya ngazi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempigia Aarti. Inaita mpaka inakatika.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Baada ya ibada nimepiga tena. Haikupokelewa.

Alhamisi, 24 Aprili

Chini ya ngazi tulikuwa wawili, mimi na Vedasto. Tumefanya maswali mawili. Halafu mvua ya upepo ikatufukuza.

Jumatano, 30 Aprili

Baba amepoteza theluthi nzima ya tumbaku, imeoza ndani ya bani. Nimepiga mara moja tu leo.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zimekwisha. Barabara ya Ntalikwa imekauka na kuacha mifereji migumu, baiskeli inarukaruka. Nikiwa natoka shule nimeona geti la duka la Mzee Rasiklal liko wazi.

Alikuwa peke yake, anafuta vumbi. Amepungua. Nilipomwamkia aliweka kitambaa chini, akazunguka kaunta, akaja kusimama mbele yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniwekea mkono kichwani.

"La kulia limebaki na kovu," alisema. "Wanasema anahitaji kuwekewa kioo cha mtu mwingine, na foleni yake ni ndefu. La kushoto wamelitia dawa na kulimulika kwa taa maalumu, limekakamaa, halitachongoka zaidi. Daktari aliniuliza nani aligundua. Nikamwambia. Akasema tungechelewa, na hili nalo lingekwenda njia ileile."

"Anaona, mzee?"

"Wamempa lenzi ngumu, kama ganda dogo, anaivaa asubuhi. Jana alikuwa dirishani kwa baba yake mdogo, amesoma bango la barabarani. Kutoka ghorofa ya tatu! Akanipigia simu hapohapo." Alicheka, kisha akajifuta uso kwa mkono mzima. "Na shule nimemwandikisha hukohuko. Aliniapisha. Anaanza wiki ijayo."

Nikasema nashukuru Mungu. Nilikuwa nashukuru kweli, kifua kizima. Nikauliza kama naweza kupata namba nyingine, huenda ile ya zamani haipatikani vizuri.

Mzee Rasiklal alichukua kitambaa, akakikunja, akakikunja tena.

"Namba ni ileile, binti yangu."

"Ndiyo mzee."

"Mimi na mama yake, mpaka tunakufa tutakuombea. Nataka ulijue hilo. Lakini usimpigie tena. Ameniomba nikuambie."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nimemgombeza. Nimemwambia huyu ndiye aliyekuponya. Akasema, najua, baba, ndiyo maana siwezi." Akatikisa kichwa. "Labda baadaye. Mimi sijui. Sijui wasichana wa umri wenu wana nini moyoni."

Nikasema, "Sawa, mzee." Akataka kunipa taa mpya ya baiskeli, nikakataa, akaifunga mwenyewe kwenye usukani huku nimesimama.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimeegemeza baiskeli ukutani, ndipo nikakumbuka kwamba sikumwuliza lile bango liliandikwa nini.